Mama ana presha, famasi ikampa dawa ya sukari

SWALI: Shikamoo dada wakili. Mama yangu ana miaka 61, ana presha, daktari alimwandikia amlodipine tukanunua famasi ya hapa mtaani, wakatutilia vidonge kwenye kibahasha kile cha kaki wakaandika 1x1 basi. Siku ya tatu asubuhi tunamkuta jikoni jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, kabla hatujamshika akaanguka akavunjika mkono. Hospitali sukari ikasoma 1.8, imeshuka mno, wakamtundikia dripu ya glukosi, nesi akaomba aone dawa anazokunywa, kumbe ni glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, na mama hajawahi kuumwa kisukari. Sasa mwenye famasi kaja nyumbani na laki mbili, anataka tusaini karatasi kwamba tumemalizana halafu tumrudishie kibahasha. Baba anasema tumwachie Mungu. Kuna kesi hapo? Binti, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana, na mama mpe pole yangu.

Kibahasha usimrudishie. Na hiyo karatasi msisaini, maana mkishaandika mmemalizana, siku mkisimama mbele ya hakimu ndiyo kitu cha kwanza atakachoonyeshwa. Hesabuni vidonge vilivyobaki, pigeni picha pande zote pamoja na mwandiko wa 1x1, mvifungie sehemu mtoto asifike. Cheti cha daktari kama kilibaki famasi, rudini kwa daktari awape nakala ya kilichoandikwa kwenye faili.

Kesi ipo. Mfamasia kazi yake siyo kuhesabu vidonge tu, anatakiwa ahakikishe anachotoa ndicho kilichoandikwa, na kikimtia shaka aulize. Uingereza miaka ya 1980 daktari aliandika Amoxil, dawa ya kuua bakteria, kwa mwandiko mbovu, mfamasia akasoma Daonil, ambayo ni hiyohiyo glibenclamide aliyopewa mama, mgonjwa akabaki na madhara ya ubongo ya kudumu. Mahakama ikamtwisha mfamasia asilimia 75 ya lawama na daktari 25, mojawapo ya sababu ni kwamba mgonjwa alilipia dawa wakati kule wenye kisukari hawalipii, kwa hiyo alitakiwa ashtuke. Mahakama zetu hazifungwi na kesi za kule ila mawakili tunazitumia sana, na kwenu ni afadhali zaidi kama mwandiko wa daktari ulisomeka vizuri.

Kesi hizi nyingi zinafia kwenye kuthibitisha kwamba ni dawa ile ndiyo iliyoleta madhara. Wakili wao atasema mama hakula, atasema aliteleza. Kwa hiyo mnatakiwa muunganishe: dawa, sukari kushuka, kuanguka, mkono. Risiti zote tunzeni, za eksirei, plasta, hadi bodaboda za kwenda kliniki, kwa sababu hela mliyotumia mahakama inataka uithibitishe shilingi kwa shilingi, ila maumivu na usumbufu hakimu anakadiria mwenyewe.

Malalamiko pelekeni Baraza la Famasi, hao ndio wanaosajili wafamasia na maduka na wana uwezo wa kuwaadhibu, lakini msitegemee watawalipa, fidia ni mahakamani, na kesi kama hii kwa kawaida inaanzia mahakama ya wilaya. Mna miaka 3 tangu tukio, msije mkazubaa kwenye vikao vya usuluhishi mpaka ikapita. (Ingekuwa hospitali ya serikali, kabla ya kushtaki ungewapa kwanza notisi ya siku 90.) Polisi nako mnaweza kwenda, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 kinagusa hata anayetoa dawa kwa uzembe unaohatarisha maisha.

Kama hela ya wakili hamna, jaribuni LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hawawezi kuwasimamia mahakamani ila watawasaidia kupanga karatasi.

Baba mwelewe, kachoka. Mwambieni kuzungumza na mwenye famasi siyo vibaya, ila mazungumzo yawe na wakili pembeni na baada ya kujua mkono utapona vipi, laki mbili inaweza isitoshe hata mazoezi ya viungo. Jumatatu wahini hospitali mkaombe ripoti ya matibabu, ile 1.8 iandikwe na saa iliyopimwa, na mhuri juu.