Maswali yenu: Treni ya chini ya ardhi inahamishwaje njia?

Wiki iliyopita niligusia jinsi miji mikubwa inavyobadilisha ruti za treni za chini ya ardhi ili watu wapungue kubanana. Maswali yamekuja mengi, mengine ya utani mtupu. Najibu matano.

Reli imeshafukiwa chini. Njia inahamishwaje bila kuchimba upya? (Fundi umeme, Nkuhungu)

Fundi, kinachohama ni ruti. Reli inabaki palepale. Mahandaki ya New York yameunganishwa sehemu nyingi, kwa hiyo treni ikifika kwenye makutano inaweza kushika handaki lingine. Chukua treni ya M (huko ruti nyingi huitwa kwa herufi). Zamani ilitoka Queens, ikapita Brooklyn, ikaingia kusini mwa Manhattan kwenye maofisi ya fedha; yote hayo ni maeneo ya New York. Juni 2010 ikapitishwa kwenye kipande cha handaki chini ya mtaa wa Chrystie, ambacho tangu 1976 hakikuwa na ruti ya kawaida ya abiria, ikatokea Sixth Avenue, katikati kabisa ya mji. Kwenye ramani rangi yake ikatoka kahawia ikawa chungwa.

Kichekesho ni kwamba wenye treni walikuwa wanabana matumizi tu. Treni ya V, iliyokuwa inapita Sixth Avenue, ilifutwa, M ikarithi njia yake. Lakini watu wa Williamsburg na Bushwick, mitaa ya Brooklyn, waliozoea kusukumana kwenye treni ya L, wakajikuta wana treni nyingine ya kwenda katikati ya mji bila kubadili. Kasoro haikukosekana: majukwaa ya huko Brooklyn ni mafupi, kwa hiyo treni ya M ina mabehewa manane tu na ni fupi kuliko zile inazochangia nazo reli huko mbele.

Kwa nini wasiongeze treni tu? (Muuza mafuta ya alizeti, Kibaigwa)

Mama, wewe ndiye ungenifundisha hili. Chukua ile faneli unayojazia chupa. Ukimimina kwa dumu moja, mafuta yanashuka vizuri. Mwambie mwanao alete dumu la pili mmimine wote: yatafurika, yatakulowesha mkono mpaka kwenye kiwiko, na chupa haitajaa haraka zaidi. Faneli ni pale ruti mbili zinapoingia reli moja. Treni moja inasubiri nyingine ipite, ya tatu inasimama gizani, abiria wanatazamana.

London kuna reli ya Victoria, ambayo haichangii njia na ruti nyingine yoyote. Tangu 2017 inapitisha treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, yaani moja kila sekunde 100. Penye makutano mengi ni vigumu kufika huko, ndiyo maana mara nyingi inafaa kuzitenganisha ruti kwanza kabla ya kununua treni.

Halafu kuna suala la mlango. Juzi pale kituo cha daladala cha Jamatini, hapa Dodoma, nilishika saa. Konda anaita, wa ndani wanataka kushuka, wa nje wameshapandisha mguu, katikati kuna ndoo ya dagaa isiyokwenda mbele wala nyuma. Dakika nne! Magari matatu nyuma yakipiga honi. Daladala angalau inapitwa pembeni. Handakini hakuna kuovateki.

Abiria wakibadilishiwa ruti hawalalamiki? (Mwanafunzi, UDOM)

Wanalalamika, na wana haki. Aliyekuwa anakwenda moja kwa moja sasa anashuka na kupanda. Northern line ya London ina matawi mawili katikati ya mji, moja la Bank na jingine la Charing Cross, na yanakutana Camden Town. Wazo la kuyatenganisha yawe reli mbili kamili ni la siku nyingi. Kikwazo ni kituo chenyewe: vijia vya Camden Town ni vyembamba, na ukiwalazimisha watu wote wabadili treni hapo, msongamano utatoka kwenye behewa uhamie kwenye ngazi. Mimi ningepanua kituo kwanza. Kugusa ruti kabla ya hapo hakuna tofauti kubwa na konda anayekatisha ruti na kuwashusha mvua ikinyesha.

Barabara ya mzunguko ikikamilika, si mabasi yazunguke mji mzima bila kugeuza? (Dereva wa bajaji, Kisasa)

London walifanya hivyo miongo mingi na Circle line, reli iliyokuwa inazunguka kama duara. Shida ni kwamba treni isiyo na kituo cha mwisho haina pa kupumulia: ikichelewa asubuhi, inazunguka na uchelewaji wake. Desemba 2009 wakalikata duara. Sasa inaanzia Hammersmith, inazunguka, inaishia Edgware Road. Wewe mwenyewe unajua, ile chai ya kijiweni ndiyo inayokurudisha kwenye hesabu.

Dodoma tutachimbiwa lini? (Msomaji, Mkonze)

Sioni haja. SGR tumeshapata 2024, na hiyo inatupeleka Dar. Ndani ya mji tatizo letu ni faneli: barabara za Dar, Arusha, Singida na Iringa zote zinakutana hapa, na daladala nazo zinafuata mkondo huohuo hadi mjini. Mtu wa Ipagala anayekwenda Nkuhungu hana shida na mjini, ila anapitishwa huko na kulipa nauli mara mbili. Ukimsikia konda anaita "Ipagala–Nkuhungu, mjini haigusi", nishtue, nitakuwa abiria wake wa kwanza.