Maswali ya Mavazi: Ninapungua Uzito, Ninunue Nguo Gani kwa Sasa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Daktari alinishauri nipunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu, nami nikaacha soda na chipsi na kuanza kutembea kila jioni, hata kutoka kilo 92 sasa nina kilo 83. Tatizo langu ni nguo. Suruali zangu za jinsi zinanivuka, blauzi zinanipwaya mabegani, na majirani wameanza kuniuliza kama ninaumwa. Kwa kuwa bado ninatarajia kupungua kilo nane au kumi, ninasita kununua nguo nitakazozivaa miezi michache tu. Dada yangu ananishauri ninunue kabisa za saizi ninayoitarajia ili zinitie moyo. Fedha niliyonayo ni shilingi 60,000. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, kwa maana kilo tisa si jambo la mchezo.

Nianze na ushauri wa dada yako, ambao najua ameutoa kwa nia njema, lakini siuafiki. Mwili haupungui sawasawa kila mahali: kuna wanaoanza kupungua usoni na kifuani huku mapaja yakibaki vilevile kwa muda mrefu, na kuna ambao kiuno ndicho kinachotangulia. Kwa hiyo hata ukifika kilo 73 unazozitamani, huwezi kujua leo kwamba suruali uliyoinunua itakubali nyonga zako za siku hiyo. Tena nguo za mtumba hazirudishwi. Suruali itakayokaa kabatini ikikusubiri ni fedha iliyolala, na wewe bado utakuwa unatoka nje na jinsi inayoshikiliwa kwa pini.

La majirani nalo lina uzito wake. Kwetu huku mtu akikonda hapongezwi kwanza, huulizwa kwanza, na maswali yenyewe unayajua. Nguo inayopwaya ndiyo inayoyachochea zaidi, kwa sababu kola ikiachia shingo na mshono wa bega ukining'inia katikati ya mkono, hata mtu mwenye afya njema huonekana ametoka kitandani. Nguo inayokukaa sasa hivi si anasa. Huhitaji nyingi: suruali mbili, blauzi au fulana tatu na sketi moja zinatosha kuzungusha wiki nzima, mradi rangi zake zikubaliane. Chagua suruali za rangi iliyoiva, kama buluu nzito au nyeusi, na uache maua na michirizi viwe kwenye blauzi.

Sasa fedha. Katika hizo 60,000, tenga 15,000 za fundi kabla hujatia mguu sokoni, na uzihesabu kuwa sehemu ya bei ya nguo. Watu wengi humaliza fedha yote kwenye nguo, kisha nguo ikilegea baada ya miezi miwili huiacha na kwenda kununua nyingine, wakati kazi ndogo ya cherehani ingeipa maisha ya miezi mingine mitatu. Zinazobaki nenda nazo Karume pale Ilala, ambako si mbali na kwako, au Tandika ukipata nafasi. Mzigo mpya ukifunguliwa asubuhi, nguo zilizo bora hutundikwa kwenye henga na kuuzwa bei ya juu, na zinazobaki humwagwa chini au mezani kwa bei moja, watu wakachambua. Kwa mtu aliye katika hali yako, mimi ningenunua blauzi na fulana kwenye zile za kuchambua, kwa kuwa hizo utaziacha mapema, na ningelipa zaidi kidogo kwa suruali moja nzuri ya kutundikwa, kwa kuwa hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa fundi mara mbili.

Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye lebo. Marobota hutoka nchi mbalimbali, na kwa kawaida saizi 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani na inakaribia 42 ya nchi nyingi za Ulaya, bila kusahau kwamba hata viwanda vya nchi moja havipimi sawa. Usitegemee shingo pia. Najua sokoni tumezoea kufunga kifungo cha suruali na kuzungushia kiuno chake shingoni, zikikutana ncha mbili tunasema imetosha. Kwa mtu ambaye uzito wake umetulia, njia hiyo hukisia vizuri, lakini kwa anayepungua shingo na kiuno haviendi kwa mwendo mmoja, na utarudi nyumbani na suruali isiyokuingia. Beba futi ya fundi kwenye pochi. Pima kiuno na nyonga zako nyumbani asubuhi, andika kwenye simu, halafu ilaze suruali mezani pa muuzaji, pima upana wa kiuno kutoka ukingo hadi ukingo na uuzidishe mara mbili. Ukitaka kuijaribu hasa, vaa skintaiti na ujifunge khanga, hakuna atakayekushangaa.

Unapochagua, ziangalie sehemu mbili zaidi ya zote. Ya kwanza ni bega. Kiuno cha blauzi fundi atakibana kwa dakika chache, na pindo atalipandisha, lakini bega likiwa pana inambidi afumue mkono mzima, alikate na kuushona upya, na gharama yake inaweza kuipita bei ya blauzi yenyewe. Mabega yako hayatapungua sana kama tumbo, kwa hiyo nunua blauzi ambayo mshono wake unakaa juu ya mfupa wa bega leo, hata kama kwingine inakulegea kidogo.

Ya pili ni kiuno cha suruali. Zenye mpira au kamba ya kufunga ndizo rafiki zako kwa miezi hii, hasa zile pana ambazo vijana huziita bwanga, na mpira ukishalegea fundi hufungua upenyo mdogo kwenye kiuno, akaukata na kuuunga upya bila kugusa suruali. Ukipenda jinsi, chukua yenye elastane asilimia moja au mbili, kwa kuwa huvutika na kurudi. Kabla hujalipa, shika kitambaa sehemu ya goti, kivute kwa upana na ukiachie. Kisiporudi mahali pake ujue kimechoka, na suruali hiyo itakuvimba magotini kabla ya saa sita mchana.

Kwa fundi nenda na maagizo mawili. Mwambie abane ubavuni kwa ndani bila kukata kitambaa kinachozidi, apige ovaloki basi, kwa sababu uzito hupanda na kushuka na unaweza kuhitaji kukifungulia. Pili, usimwachie abane zaidi ya saizi mbili. Jinsi ikipunguzwa kupita kiasi mifuko ya nyuma husogeleana hadi ikakutana, na sehemu ya kati hushuka vibaya, hapo haivaliki tena.

Utaniuliza kuhusu dera, ambalo halina saizi na ni rahisi kupatikana. Livae nyumbani kwa raha zako. Sikushauri ulifanye vazi la kila siku kwa kipindi hiki, kwa sababu dera halikwambii kitu: ukipungua halisemi, ukiongezeka pia halisemi, na wengi huja kushtuka wakiwa wameshavuka pale walipoanzia. Suruali ya kiuno imara itakueleza ukweli hata mzani ukiwa mbali. Zile jinsi zako za zamani, bakiza moja kwa kumbukumbu ukipenda, na nyingine uziuze au uwape nduguzo zingali nzima.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, naishi Mwanza, na nimepungua kutoka kiuno cha inchi 40 hadi 37. Kwa kazi ninavaa suruali za kitambaa, na mwisho wa wiki ninavaa jinsi. Nimeambiwa na fundi kwamba za kitambaa atazipunguza kwa bei nafuu, lakini za jinsi atanitoza mara mbili. Je, ananidanganya?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba baba. Hakudanganyi. Chukua suruali yako ya kitambaa uipindue, utazame mshono wa katikati ya makalio. Kwa desturi ya ushonaji wa suruali za kiume mshono huo hupanda hadi juu kabisa, na mkanda wa kiuno nao umeungwa palepale, huku ndani kukiwa kumeachwa kitambaa cha ziada. Fundi anaufumua mshono mmoja tu, anaushona upya mahali papya na kuurudisha pasi, kwisha. Jinsi haikujengwa hivyo. Mkanda wake wa kiuno ni kipande kimoja kinachozunguka mwili wote, na mshono wa nyuma umekunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi mnene, kwa hiyo lazima aushushe mkanda, afumue vitanzi vya kupitishia ukanda na kipande cha ngozi au lebo ya nyuma, akate, kisha arudishie vyote kwa uzi wa rangi ileile. Inchi tatu zinawezekana kwa aina zote mbili, ingawa ndizo mpaka wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: za kitambaa zipeleke zote zikapunguzwe, na za jinsi usihangaike nazo. Fedha ambayo fundi angekutoza kwa jinsi mbili, ongeza kidogo uende Mlango Mmoja ukajipatie moja ya inchi 37 au 36. Mwanamume akishapungua tumbo hugundua pia kwamba hahitaji tena kuifunga suruali chini ya kitambi, na urefu wa kati, yaani kutoka katikati ya mapaja hadi kiunoni, uliomfaa zamani haumfai tena, jambo ambalo kupunguza kiuno hakulitibu. Ukanda nao usiuongeze matundu kwa msumari hadi ncha ikazunguka mgongoni. Kata upande wa bakoli, yaani chuma cha kufungia ukanda, ambako skrubu au kibanio hufunguka, uurudishe, na tundu la katikati litarudi kuwa la katikati.

SWALI: Mama, shikamoo. Nimepungua na sidiria zangu zote zimelegea. Rafiki yangu anasema sokoni kuna za mtumba za viwanda vya Ulaya ambazo ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Ninunue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na kwamba bado zinaonekana mezani kwa wauzaji hakuzifanyi kuwa halali wala salama. Hapa ndipo bajeti yako ya nguo mpya iende, hata ikibidi blauzi zote ziwe za mtumba.

Nunua mbili tu, usinunue sita, kwa kuwa kifua ni miongoni mwa sehemu zinazobadilika upesi. Unapoijaribu, ifunge kwenye safu ya nje kabisa ya kulabu na uhakikishe imekushika vizuri hapo. Ukiendelea kupungua utahamia safu ya kati, kisha ya ndani, na sidiria moja itakuhudumia kwa muda ambao nyingine ingekuwa imeshatupwa. Ukanda wa kifuani ndio unaobeba kazi, si mikanda ya mabegani, kwa hiyo ukiona unakaza mikanda ya mabegani ili kifua kisishuke, saizi hiyo imeshakupita.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Nairobi. Ninapungua uzito na ninapenda kununua nguo kwa wauzaji wa mtandaoni kwa sababu ninaona aibu kujaribu nguo Gikomba au Toi mbele za watu. Wengi huandika "free size" tu. Nitajuaje kama nguo itanifaa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Nzuri, mwanangu. Maneno hayo maana yake ni kwamba muuzaji hajaipima, basi. Mwombe akutumie picha ya nguo ikiwa imelazwa juu ya meza na futi imetandazwa juu yake, upana wa kwapa hadi kwapa, upana wa kiuno na urefu. Kisha chukua nguo yako unayoipenda inayokukaa vizuri leo, ilaze vivyo hivyo na ulinganishe. Ya muuzaji ikiwa ndogo kwa sentimita mbili kila upande, huvumilika kwa kitambaa kinachovutika, lakini kwa kitambaa kikavu kama cha shati, nguo itakuzuia kuinua mikono. Uliza pia, kabla ya kutuma fedha, kama anakubali kubadilisha na nani atalipa nauli ya kuirudisha. Anayekataa kupima na kukataa kubadilisha, mwache.

Ama kuhusu aibu, nenda Toi katikati ya wiki mapema asubuhi, wakati wateja ni wachache na muuzaji ana subira. Vaa tisheti nyembamba ya kubana na sketi pana, uzijaribu nguo juu yake.