Re: Mwenyekiti wa kijiji hasomi mapato na matumizi, tufanyeje?

Habari mkuu. Kwa hiyo mwaka mzima hamjasomewa mapato na matumizi, na mkiuliza mnaambiwa subirini. Kwanza mwombeni mtendaji wa kijiji muhtasari wa mkutano mkuu uliopita; yeye ndiye mtunza kumbukumbu. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, hivyo hamuombi fadhila.

Usiende peke yako, watakuita mchochezi. Sisi tuliandika barua, tukasaini wengi, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, na yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawajaiona.

Risiti za michango mlipewa? Kwenu sijui alipokea nani. Kama hazipo, anzeni hapo.