Anzeni na jalada lake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu aliyeuawa, huku muuaji wake hajajulikana, tumkumbukeje? Swali hilo nimelisoma mara tatu. Kaka yangu aliuawa miaka kumi na minne iliyopita, na hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Jibu langu: anzeni na jalada la kesi yake kule polisi. Picha yake tunayo, tunamwombea, na hayo yanatuliwaza sisi tuliobaki. Haki yake, lakini, imo kwenye vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, na vielelezo huharibika kimyakimya. Mwaka wa tatu nilikwenda kuulizia shati alilovaa siku ile. Nikaonyeshwa, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, limeota ukungu mweusi kuanzia kwenye kola. Mpelelezi wa kwanza alishahamishwa. Aliyenipokea hata jina la marehemu alilisoma kwenye karatasi. Nguo yenye damu hukaushwa kwanza, ikahifadhiwa kwenye karatasi, kwani plastiki hufungia unyevu na unyevu huozesha vinasaba. Laiti ningelijua hilo siku ya kwanza!

Stephen Lawrence, kijana wa miaka 18, alichomwa kisu London mwezi Aprili 1993 akisubiri basi. Wazazi wake hawakunyamaza, na ripoti ya mwaka 1999 ikaeleza wazi jinsi polisi walivyoivuruga kesi. Hukumu ilikuja Januari 2012, watu wawili wakatiwa hatiani. Kwa mmoja wao, ushahidi mkubwa ulikuwa doa la damu lisilofika hata milimita moja, kwenye kola ya koti lililochukuliwa kwake mwaka ule ule wa mauaji. Koti lilikaa stoo miaka yote hiyo. Lingetupwa, je?

Nchi nyingi hazina ukomo wa muda kwa kosa la mauaji. Shahidi aliyeogopa zamani anaweza kusema leo, lakini atamwambia nani kama jalada halina mwenyewe? Kwa hiyo kila tarehe aliyouawa naenda na daftari, nauliza: jalada liko kwa nani, vielelezo viko wapi, mara ya mwisho limefunguliwa lini? Naandika majibu na jina la aliyenijibu.

Mwaka huu niliomba shati lihamishiwe kwenye bahasha ya karatasi. Walikubali. Nilisimama pale hadi nikaona namba ya jalada imeandikwa juu yake.