Kabla Hujauliza Algorithimu Ipi, Uliza Faiba Inapita Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza uhandisi wa mawasiliano mwaka huu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuingia kwenye upangaji wa mitandao. Nianze na algorithimu ipi, Dijkstra au zile za kijenetiki? Kuna kozi inauzwa mtandaoni, nataka kulipia."

Marahaba mdogo wangu. Hiyo pesa irudishe mfukoni kwanza. Na kwa wasioyajua maneno haya: algorithimu ni hatua za hesabu za kutatua tatizo, Dijkstra ni ile ya kutafuta njia fupi, na za kijenetiki hujaribu majibu mengi na kuyaboresha kwa kuiga urithi wa viumbe.

Mnaoniuliza swali hili ni wengi, na wote mnataka kile nilichokitaka mimi: kukaa mbele ya ramani ya nchi na kusema mkongo upite hapa, usipite pale. Basi nijibu mara moja, kwa mradi ambao wanaonifahamu wameshachoka kunisikia nikiusimulia.

Kampuni niliyokuwa nayo siitaji, waliokuwepo wanajijua. Tulikuwa na wateja wakubwa Dodoma, na tangu serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016 kila mtu alitaka laini isiyokatika. Ukutani kwa bosi kulikuwa na mchoro wa rangi: njia ya kwanza Dar, Morogoro, Dodoma, njia ya pili Dar, Segera, Arusha, Babati, Dodoma. Pete kamili: upande mmoja ukikatika, data inapita mwingine. Mteja akija anaoneshwa mchoro, anaridhika, anasaini.

Wewe unayezijua barabara zetu nadhani umeshacheka. Basi la Dodoma na basi la Arusha, kwa njia ile ya zamani, yanaachana wapi? Chalinze. Kutoka Dar mpaka Chalinze, kama kilomita mia moja, njia zetu "mbili" zilikuwa kwenye hifadhi ya barabara moja na zikivuka mto Ruvu kwenye daraja moja.

Sikulijua hilo kwa kukaa ofisini. Niliomba lifti kwenye gari la mafundi. Karibu na Mlandizi, fundi wetu wa faiba, mzee aliyeanza kazi enzi za nyaya za shaba, akafungua mfuniko wa chemba kwa kipande cha nondo. Ndani maji ya tope, na juu ya maji nyaya mbili nyeusi zimezungushwa kwenye ndoano moja, kila moja na kibao chake cha plastiki. Akavifuta kwa kidole gumba. "Hii Arusha, hii Dodoma. Hizi hazijawahi kuachana, kijana." Akarudisha mfuniko, tukaenda kula.

Usiku ule nilianza hesabu. Mwanafunzi anafundishwa kutafuta njia fupi, kuifuta kwenye grafu (mchoro wa vituo na mistari inayoviunganisha), kisha kutafuta fupi ya pili. Ukifanya hivyo, wakati mwingine unajiziba mwenyewe: njia ya kwanza inakula kipande ambacho kingekupa njia mbili nzuri, na ya pili haipatikani kabisa hata kama jozi ipo. Suurballe, mtafiti wa hesabu za mitandao, alilitatua hilo mwaka 1974 kwa kuzitafuta njia zote mbili kwa pamoja. Lakini algorithimu ya Suurballe haijui kwamba mistari miwili tofauti kwenye grafu inaweza kuwa ndani ya bomba moja. Inabidi uiambie wewe. Kila kipande nilikipa alama ya hatari kinayoshiriki na vipande vingine: daraja hili, mtaro huu, chumba hiki cha mitambo. Sharti likawa kwamba njia mbili za mteja mmoja zisikutane kwenye alama yoyote.

Ukiongeza sharti hilo tatizo linakuwa gumu kinadharia, lile la kwamba mtandao ukikua sana hakuna njia ya haraka inayojulikana. Wengi wakisikia hivyo ndipo wanapokimbilia algorithimu za kijenetiki. Mtandao wetu ulikuwa mdogo. Niliandika milinganyo yenye vigeu vya sifuri na moja (moja njia ipite hapa, sifuri isipite), nikaipa GLPK, programu ya bure kabisa ya kutatua milinganyo kama hiyo, na laptopu yangu kuukuu ikaleta jibu kabla sijamaliza chai. Faiba ya kaskazini itoke Dar kwa Bagamoyo, Makofia, Msata, ndipo iingie barabara ya Segera. Ruvu inavukwa sehemu nyingine kabisa.

Nikapeleka kwenye kikao. Sitasahau. Bosi alitazama kurasa mbili, akasema, "Kijana, hii ni kampuni ya simu, si darasa la hesabu." Wakacheka. Mwingine akadai njia ya kaskazini itakuwa na ucheleweshaji mkubwa. Nikamwambia mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kuzunguka kilomita 600 zaidi ni milisekunde tatu kwenda, na hakuna mhasibu wa wizara atakayezihisi. Hakuna aliyeandika. Bajeti ikanunua ruta (mashine zinazoelekeza data njiani) kubwa zaidi, na akaletwa mshauri kutoka nje mwenye programu ya leseni ya bei mbaya. Ripoti yake ilikuwa na jalada zuri na ndani yake pete ile ile.

Kilichofuata mnakijua. Kijiko cha mkandarasi aliyekuwa akichimba mtaro kilizoa nyaya zote mbili kwa mkupuo mmoja, na Dodoma ikawa kimya mpaka jioni. Baada ya hapo ile njia ya Bagamoyo ikaitwa "mkakati", ikajengwa, na kwenye wasilisho la mkutano wa wadau jina langu halikuwepo. Nimesamehe. Mwezi uliopita upande wa Mlandizi umekatika tena, mimi nikiwa nimeshahama, na rafiki yangu wa chumba cha uangalizi akanitumia ujumbe: hakuna mteja aliyepiga simu. Hiyo kwangu inatosha, ingawa jina nalo lingependeza.

Msidhani ni ushamba wa kampuni moja. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ya Tanzania na majirani ilizorota vibaya kwa sababu EASSy na SEACOM, mikongo miwili ya baharini yenye wamiliki tofauti, ilipata hitilafu kwa pamoja upande wa Afrika Kusini. Yote miwili inatua Mtunzini, mji mdogo wa pwani ya KwaZulu-Natal. Na upande wa kaskazini SEACOM ilikuwa imeshaharibika tangu Februari kule Bahari ya Shamu. Aliyenunua nusu huku na nusu kule alikuwa na mikataba miwili na risiti mbili.

Sasa Dijkstra. Mtaalamu mwenye jina hilo aliibuni mwaka 1956 akinywa kahawa mjini Amsterdam, kwa maelezo yake mwenyewe kwa kama dakika ishirini, akaichapisha 1959. Wewe utaielewa kwa mchana mmoja, na ruta zinazotumia OSPF, kanuni ya ruta kuchagua njia zenyewe, zinaipiga hiyo hesabu zenyewe. Kazi yako ni gharama unazozipa njia, ambazo si pesa bali namba tu, na njia yenye jumla ndogo ndiyo inayochaguliwa. Ruta za Cisco kwa kawaida huigawanya megabiti 100 kwa kasi ya njia na hazishuki chini ya moja, kwa hiyo njia ya megabiti 100, ya gigabiti moja na ya gigabiti kumi zote zinapata gharama moja. Ni kama dereva wa daladala aliyeambiwa kwamba Barabara ya Morogoro na kichochoro cha Manzese vina upana sawa. Nimekuta mitandao yenye ruta za mamilioni ambayo hakuna aliyebadilisha hiyo 100. Ni mstari mmoja wa amri, ila uweke sawasawa kwenye ruta zote.

Ukishaiweka ndipo kazi tamu inaanza. Mwaka 2000 Fortz na Thorup walionesha kwamba kutafuta gharama bora kabisa za OSPF ni tatizo gumu kinadharia, lakini ukizibadilisha kidogo kidogo, ukitunza kila badiliko linalopunguza msongamano, unafika karibu sana na ubora unaowezekana bila kununua kitu. Someni hilo. Ni bora kuliko kozi.

Na pimeni mzigo wa saa tatu usiku, watu wanapotumia zaidi, si wastani wa siku. Kwenye pete, kila upande ukipita nusu ya uwezo wake saa ile, huna njia ya akiba, una matumaini, kwa sababu upande mmoja ukikatika mwingine unabeba vyote. Mameneja hawapendi kuona njia iliyojaa asilimia 40. Wanaiita pesa iliyolala. Waache waiite, wewe waoneshe mkataba wa mteja na faini iliyoandikwa mle.

Vijana, nendeni site. Naona mnaandika misimbo mizuri juu ya data ambayo hakuna aliyeithibitisha tangu mkandarasi aikabidhi. Ombeni lifti, bebeni GPS, fungueni chemba, muulizeni fundi faiba inapita wapi kweli, mumpe heshima yake na mumnunulie chakula. Mpangaji asiyejua jina la daraja hata moja kwenye njia yake anapanga nini? Nendeni site.

Wewe uliyeniuliza, kama upo Dar nina kazi ya kukuanzishia. Pale nilipo sasa njia zetu mbili zinaachana vizuri sana barabarani, lakini zote zinatoka kwenye jengo moja mjini kupitia chemba moja ya pembeni mwa lango. Nimeshaandika barua ya kuomba bomba la pili upande wa nyuma. Nahitaji mtu wa kupima mita na kuhesabu gharama kabla bajeti ya mwaka mpya haijafungwa.