Jibu: Je, Józef Beck ndiye aliyeiponza Poland?

Ndugu, umeuliza kama Józef Beck, waziri wa mambo ya nje wa Poland kuanzia 1932 hadi 1939, aliiponza nchi yake kwa kumwamini Hitler. Kwa maoni yangu lawama hiyo imezidi kipimo. Beck, aliyepigana katika vikosi vya Piłsudski, kiongozi wa kijeshi wa Poland, kabla ya kuingia katika diplomasia, alibeba dhamana ya nchi iliyobanwa kati ya Ujerumani na Muungano wa Kisovieti. Mkataba wa kutoshambuliana uliotiwa saini na Ujerumani Januari 1934 ulikusudiwa kusawazisha ule uliokwisha kufungwa na Moscow mwaka 1932, wala haukuwa wa kujikabidhi kwa Berlin. Kosa lake zito, nami silitetei, ni kulitwaa eneo la mpakani la Zaolzie kutoka Czechoslovakia Oktoba 1938, wakati jirani huyo alikuwa amekwisha kuelemewa. Hata hivyo, Hitler alipoutaka mji wa bandari wa Danzig, Beck alikataa, na tarehe 5 Mei 1939 aliliambia bunge kwamba Poland haitambui amani inayonunuliwa kwa gharama yoyote, kwa kuwa heshima ndiyo pekee isiyo na bei. Septemba, Poland ilipovamiwa, alivuka kuingia Romania, akazuiliwa huko, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1944.