Chagua mchezo, usichague uhusika

Wadogo zangu mnaoanza jukwaani, juzi mmoja wenu kaniuliza: "Dada, nimepewa kuigiza mfanyakazi wa ndani, sentensi nne tu. Nikubali?" Kabla sijajibu nikamkumbuka Baek Sung-hee.

Bibi huyu wa Kikorea alizaliwa 1925, akapanda jukwaani mara ya kwanza 1943, nchi yake ikiwa bado mikononi mwa Wajapani. Katika maisha yake aliigiza michezo ipatayo 400. Msimamo wake ulijulikana: mchezo anauchagua, uhusika hachagui. Sisi tunafanya kinyume. Kwanza tunahesabu maneno yetu, muswada wenyewe tunausomea kwenye daladala siku ya mazoezi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa na miaka 23 nilikataa kuigiza bibi kizee, maana nilitaka kupendeza. Aliyekubali kuwa yule bibi ndiye watu waliyemsubiri nje baada ya onesho. Mimi niliyeng'ang'ania kuwa bibi harusi nilibaki nyuma ya pazia nakunja nguo.

Halafu kuna kudumu. Ukumbi wa Taifa wa Korea Kusini ulifunguliwa Aprili 1950, Juni vita vikaanza. Baek alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wa mwanzo. Ukumbi ukahamia mji wa Daegu, ukarudi Seoul 1957, ukapelekwa chini ya mlima Namsan 1973, naye yumo tu. Mwaka 1972 wenzake walimpigia kura awe mkuu wa kikundi cha tamthilia cha ukumbi huo, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na 1991 akaishika tena. Cheo hakikumshusha jukwaani.

Mwaka 2010, eneo la Seogye-dong jijini Seoul, gereji ya zamani ya magari ya jeshi iligeuzwa ukumbi, ukapewa jina lake pamoja na la Jang Min-ho, mwenzake wa miaka mingi. Machi 2011 wakaigiza humo wote wawili, Baek akiwa na miaka 85. Mchezo wenyewe ni wa wazee wanaoiaga nyumba yao, iliyouzwa kwa ajili ya mjukuu. Mbao zake zinang'olewa zikatengenezewe samani, na wao wamekaa wanabandika karatasi mpya kwenye milango, ile ya kale ya Kikorea inayofunikwa kwa karatasi! Hebu fikirieni: mlango ambao kesho haupo. Mwigizaji mchanga angelia hapo mpaka kamasi. Kazi ile inataka mikono iendelee kulainisha karatasi, mdomo ukizungumza mambo ya kawaida.

Jaribuni nyumbani. Chambua mchele kwenye ungo huku ukisema maneno yako. Mikono ikisimama kila unapofungua mdomo, ujue bado unakariri.

Na yule wa sentensi nne nilimwambia alete muswada kwanza, tuusome wote.